Unene wa Mwili: Asili Yake na Hatari Zake

Somo letu la mwezi huu ni habari za unene wa mwili uliozidi kiasi. Labda wako watakaocheka wakisoma kichwa cha habari hii, na kusema, "Je! Kunenepa nako ni ugonjwa? Si dalili ya afya na ya neema?" Ndiyo sababu tumeona yafaa kulileta jambo hili mbele yenu. Maana hapa kwetu Kemondo, na katika Bukoba na Muleba yote, mtu akirudi safarini amenenepa, husalimiwa kwa furaha. Bali akirudi amekonda, watu hunong'ona. Basi tuulize kwa taratibu: Unene watoka wapi? Hupimwaje? Una hatari gani? Na mtu afanye nini?

1. Habari ya kale ya Karagwe

Tuanze na habari ya jirani zetu, ambayo iliandikwa zamani. Mwezi wa Novemba, mwaka 1861, Mwingereza John Hanning Speke alifika Karagwe kwa mfalme Rumanyika, alipokuwa akitafuta chanzo cha mto Nile. Kabla ya kufika alikuwa amekwisha kusikia kwa Musa, mfanyabiashara Mhindi aliyekaa Kaze, yaani Tabora, ya kuwa wake za mfalme na wa wakuu wa Karagwe hunenepeshwa hata wasiweze kusimama. Akataka kuyaona kwa macho yake.

Aliyakuta kama alivyoambiwa. Mke wa ndugu yake mfalme hakuweza kuinuka mahali alipoketi. Mama mwingine wa nyumba hiyo hakuweza kusimama ila kwa kujishika chini kwa mikono na magoti. Speke alimpima huyo, akaandika vipimo katika kitabu chake kilichotoka mwaka 1863. Tukivigeuza kwa vipimo vya leo, kimo chake kilikuwa kama sentimita 173, mzunguko wa kifua sentimita 132, wa mkono sentimita 58, na wa paja sentimita 79. Kando yake alikuwako binti yake wa miaka 16, naye alikuwa akinywa maziwa katika chombo, na baba yake amekaa karibu na fimbo mkononi, ili asiache kunywa.

Kwa nini twasimulia mambo haya? Si kwa kuwacheka wazee wetu. Twasimulia kwa sababu katika nyumba ile moja twaona wazi mambo matatu yanayoleta unene hata leo. La kwanza, chakula kingi kupita haja ya mwili: maziwa tangu asubuhi hata jioni. La pili, mwili usiotembea wala kufanya kazi. La tatu, desturi ya watu: unene ulihesabiwa kuwa uzuri na heshima ya nyumba, hata baba akaona ni wajibu wake kumlazimisha mtoto. Leo fimbo ile haipo tena, lakini mambo yale matatu yangalipo, nayo yameingia katika nyumba nyingi zisizo za wafalme.

2. Unene hupimwaje?

Si kila mtu mwenye mwili mkubwa ni mgonjwa, wala si kila mwembamba ni mzima. Kwa hiyo tusihukumu kwa macho, tupime. Vipo vipimo viwili vinavyofaa.

Kipimo cha kwanza hutumiwa hospitalini. Hupimwa uzito wa mtu kwa kilo, na kimo chake kwa mita. Kisha kimo huzidishwa kwa kimo, na uzito hugawanywa kwa jumla hiyo. Jibu likiwa kati ya 18.5 na 24.9, uzito wafaa. Likiwa 25 mpaka 29.9, uzito umezidi. Likifika 30 au zaidi, huo ndio unene wa hatari. Kwa mfano, mama mwenye kimo cha mita 1.60 na uzito wa kilo 80: 1.60 mara 1.60 ni 2.56, na 80 ikigawanywa kwa 2.56 ni 31 na kidogo. Mama huyu amekwisha kuingia katika unene wa hatari, ingawa majirani humwambia ya kuwa amependeza.

Kipimo cha pili hakihitaji mizani, na kila mtu aweza kukifanya nyumbani. Chukua kamba ya mgomba, uikate iwe sawa na kimo chako tangu kisigino hata utosi. Kisha uikunje mara mbili. Nusu hiyo uizungushe kiunoni, katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, bila kuvuta tumbo ndani. Ncha zikikutana, ni vema. Zisipokutana, jua ya kuwa mafuta ya tumboni yamezidi, na inakupasa kwenda kupimwa damu. Kipimo hiki kina maana kubwa, kwa sababu mafuta yanayozunguka ini na matumbo ni mabaya kuliko yale yaliyo mapajani au chini ya ngozi ya mikono.

Mambo haya si ya watu wachache. Shirika la Afya Duniani limehesabu ya kuwa katika mwaka 1 tu, yaani 2022, watu wazima bilioni 2.5 walikuwa na uzito uliozidi, na katika hao milioni 890 walikuwa na unene wa hatari. Hapa Tanzania, katika uchunguzi wa serikali wa mwaka 2010, wanawake 22 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 mpaka 49 walikuwa na uzito uliozidi au unene. Katika uchunguzi wa mwaka 2015 na 2016 walikuwa wamefika 28. Hesabu yapanda, haishuki.

3. Asili ya unene

Mwili ni kama ghala. Chakula kinacholiwa hupimwa nguvu yake kwa kipimo kinachoitwa kalori. Nguvu iliyoingia isipotumika kwa kazi, kwa joto la mwili na kwa mapigo ya moyo, haipotei. Mwili huigeuza kuwa mafuta na kuiweka akiba. Mungu ametuumba hivyo ili tupate kuvumilia siku za njaa. Shida ni hii: akiba ikiwekwa kila siku na siku ya njaa isije, ghala hufurika.

Wengine husema, "Basi ndizi ndizo zinazotunenepesha." Hapana. Ndizi za kupikwa kwa maharage na dagaa, chakula cha wazee wetu, ni chakula chema. Babu zetu waliila kila siku, wakalima, wakapanda milima ya Kamachumu kwa miguu, wala hawakunenepa kupita kiasi. Ndizi ile ile ikikatwa na kukaangwa katika mafuta mengi huwa kitu kingine. Maana gramu 1 ya wanga au ya sukari ina kalori 4, bali gramu 1 ya mafuta ina kalori 9. Hata pombe ina kalori 7 kwa gramu; kwa hiyo mtu anywaye rubisi au bia kila jioni anakula mlo mwingine asiouhesabu.

Tena tuiangalie sukari. Kijiko kimoja cha chai cha sukari kina kama gramu 4. Mtu akinywa vikombe 3 vya chai kwa siku, na katika kila kimoja akatia vijiko 3, amekula vijiko 9, yaani gramu 36, nazo ni kalori 144. Ni kidogo? Haba na haba hujaza kibaba. Kalori zile kwa mwaka mmoja zapita 52,000. Na kilo moja ya mafuta ya mwili ni akiba ya kalori kama 7,700. Kwa hesabu tupu ni zaidi ya kilo 6 kwa mwaka. Kwa kweli mwili hujirekebisha kadiri uzito unavyobadilika, kwa hiyo hesabu haitimii yote. Lakini njia ni hiyo. Na chupa moja ya soda ina sukari ya kiasi hicho hicho, nayo haishibishi.

Asili ya pili ni kukaa. Zamani mtu wa Kemondo alikwenda bandarini kwa miguu, akarudi na mzigo kichwani. Siku hizi kuna lami na pikipiki. Safari ya nusu saa kwa miguu imekuwa ya dakika chache kwa kukaa. Hatusemi pikipiki ni mbaya. Mgonjwa na mzazi huokolewa nayo. Twasema tu ya kuwa kazi iliyoondolewa miguuni haikuondolewa sahanini: twala kama wakulima, twatembea kama wafalme.

Asili ya tatu ni maumbile. Wako watu waliozaliwa na mwili unaoweka akiba upesi kuliko wengine, hata wakila chakula kile kile. Mwaka 1994 bwana Jeffrey Friedman na wenzake huko New York walitambua homoni inayoitwa leptini. Homoni hii hutengenezwa na mafuta yenyewe, ikapeleka habari ubongoni ya kuwa akiba iko. Mtu akipunguza mafuta, leptini hupungua, na ubongo hudhani njaa imeingia. Ndipo hamu ya kula huzidi. Hii ndiyo sababu watu wengi wakiisha kupungua hurudia unene wao. Tena kuna dawa na magonjwa machache yanayonenepesha, na kukosa usingizi huongeza njaa. Kwa hiyo asiwepo mtu wa kusema, "Kila mnene ni mlafi." Neno hilo si la haki, wala halisaidii.

4. Hofu ya kukonda

Iko asili nyingine ambayo katika mkoa wetu ina nguvu kuliko penginepo, nayo yatupasa kuitaja waziwazi. Mwaka 1983 wagonjwa watatu wa kwanza kutambuliwa na UKIMWI katika Tanzania walikuwa wa mkoa huu wa Kagera. Ng'ambo ya mpaka, Waganda waliuita ugonjwa huo Silimu, kwa sababu uliwakondesha watu. Katika miaka iliyofuata, kila nyumba ya Bukoba na Muleba ilijifunza kuogopa kukonda. Mtu aliyepungua kidogo tu alitazamwa kama aliyekwisha kuhukumiwa. Tangu hapo unene ukawa kama cheti cha afya ambacho mtu huvaa mwilini mwake.

Hofu hiyo twaielewa. Makaburi yaliyomo migombani yashuhudia ilivyotoka. Lakini siku hizi inaua kwa njia nyingine. Wako akina mama walioambiwa na mganga wapunguze uzito kwa ajili ya sukari na shinikizo la damu, nao hawataki, maana wanasema, "Nikikonda, majirani watanena nini? Mwanangu atapataje mchumba?" Basi huendelea kula ili wasisingiziwe ugonjwa mmoja, na kumbe wanajitia katika ugonjwa wa pili.

Ndugu wapenzi, jueni mambo haya mawili. La kwanza: mwili hauonyeshi virusi. Mtu mnene aweza kuwa navyo, na mwembamba aweza kuwa hana. Kinachojulisha ni kipimo peke yake. Wanaotumia dawa za kufubaza virusi kwa uaminifu hunenepa tena, na wengine huzidi kiasi. Hao nao yafaa wapimwe sukari na shinikizo la damu. La pili: kupungua kwa makusudi, polepole, kwa kula vema na kutembea, ni afya. Bali kupungua bila sababu, pamoja na homa, kikohozi au kiu nyingi, ni jambo la kwenda hospitali upesi, si la kuficha.

5. Hatari za unene

Kwanza, kisukari. Mwilini imo homoni ya insulini, ambayo kazi yake ni kama ufunguo: hufungua milango ya nyama ili sukari iliyo katika damu ipate kuingia na kutumika. Mafuta ya tumboni yakizidi, kufuli huwa kama zimeshika kutu; ufunguo haugeuki vema. Sukari hubaki katika damu, ikaharibu polepole macho, figo, mishipa na miguu. Mtu mwenye kisukari aweza kukaa miaka mingi bila kujua, hata siku moja kidonda cha mguuni kikataa kupona.

Pili, shinikizo la damu. Mwili ukiongezeka, moyo hauna budi kusukuma damu kwa nguvu zaidi. Kipimo kikiwa 140 kwa 90 au zaidi, tena kikirudiwa siku nyingine kikawa vivyo hivyo, huo ni ugonjwa. Hauna maumivu, ndiyo maana ni adui mbaya. Mwisho wake ni moyo kuchoka, au figo kufa, au kiharusi: mtu amelala mzima, akaamka upande mmoja umepooza. Wengi wetu tumeona jambo hili likitokea, na wako waliosema amelogwa. Kabla ya kumtafuta mchawi kijijini, ingefaa kutafuta kipimo cha shinikizo la damu.

Tatu, aina kadhaa za saratani. Wachunguzi wameona ya kuwa unene huongeza hatari ya saratani ya mji wa mimba, ya utumbo mpana, na ya matiti kwa mama aliyekoma hedhi, na nyinginezo.

Nne, magoti na nyonga. Kama vile kila chombo bandarini kilivyo na kipimo cha mzigo wake, viungo navyo vina kipimo. Magoti ya mama aliyezidi uzito hulika mapema, na akishindwa kutembea kwa maumivu, unene huzidi tena.

Tano, mimba. Mama mnene aweza kupata kisukari cha mimba, shinikizo la damu na kifafa cha mimba kuliko wengine. Lakini mjamzito asijikondeshe. Afike kliniki mapema, apimwe na kuongozwa.

Sita, usingizi. Mafuta ya shingoni hubana njia ya pumzi. Mtu hukoroma, pumzi hukatika, na mchana husinzia. Akiwa dereva, hiyo ni hatari yake na ya abiria wake.

Tena tusidhani ya kuwa unene na utapiamlo haviwezi kukaa nyumba moja. Uchunguzi ule wa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha ya kuwa katika mkoa wetu wa Kagera karibu watoto 42 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa, na hii ni nchi isiyokosa ndizi. Baba ana kitambi, na mtoto amedumaa: wote wawili wameshiba, lakini wote wawili hawakupata chakula chenye mchanganyiko mwema. Na mtoto aliyedumaa, akiisha kukua na kupata chakula tele, aweza kupatwa na kisukari na shinikizo la damu kwa urahisi.

6. Tufanye nini?

Habari njema ni hii: mtu hana haja ya kuwa mwembamba ili apone. Mwenye uzito wa kilo 90 akipunguza kilo 5 mpaka 9 tu, shinikizo la damu na sukari huanza kushuka. Basi afanye hivi.

Apunguze sukari ya chai kijiko kwa kijiko, mpaka ulimi uzoee. Anywe maji badala ya soda. Ndizi azipike kwa maji, si kwa kuzikaanga. Nusu ya sahani iwe mboga za majani, nyanya, karoti na maboga; robo iwe ndizi, ugali au wali; robo iwe maharage, samaki au nyama. Ziwa letu lina dagaa na sato. Ni chakula chema, wala hakihitaji kuzamishwa katika mafuta. Senene wachomwe bila kuongezwa mafuta, maana wana mafuta yao wenyewe.

Tena atembee. Dakika 150 kwa juma zatosha kuanza, yaani nusu saa kwa siku tano, kwa mwendo wa kutoa jasho kidogo. Kulima shamba ni vilevile. Asijifunge njaa siku mbili na kula karamu siku ya tatu. Mwili hujilinda na njaa, kama tulivyosema. Wala asinunue dawa za kukondesha zinazouzwa minadani. Mwenye kisukari anayetumia dawa asibadili chakula chake ghafula bila shauri la mganga, asije akaanguka kwa sukari kushuka mno.

Walimu nao wana kazi yao. Tukikutana harusini au katika sherehe ya kipaimara, wenye nyumba huona aibu wasipompa kila mgeni soda mbili na sahani iliyojaa. Aibu hiyo sisi ndio tulioiweka, nasi twaweza kuiondoa: maji safi, matunda na mboga vikiwekwa mezani kwa heshima, hakuna atakayesema nyumba ni maskini. Katika maamkio nako tuache desturi ya kupima watu kwa macho. Mtu akipungua, tusiseme, "Umekonda, una nini?" Akinenepa, tusimsifu wala kumcheka. Tumwulize habari za afya yake, tena tungoje jibu.

Maswali ya kujifunza

1. Ni mambo gani matatu yaliyoleta unene katika nyumba ya wakuu wa Karagwe, na katika hayo ni yapi yaliyomo nyumbani mwetu leo?
2. Eleza jinsi ya kujipima kwa kamba ya mgomba.
3. Kwa nini si haki kusema ya kuwa kila mnene ni mlafi?
4. Mama mmoja amepewa shauri la kupunguza uzito, naye aogopa maneno ya majirani. Utamwambia nini? Na majirani utawaambia nini?
5. Taja hatari nne za unene, na dalili ambayo mtu aweza kuitambua mapema.